Jua Linapozama Saa Kumi

Saa ya Kiswahili haikutengenezwa kwa ajili ya London. Kwetu jua likichomoza unaanza kuhesabu, likizama umefika kumi na mbili, na mwaka mzima saa na jua vinakwenda pamoja kama mtu na kivuli chake. Tanga nilikokulia, siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote hazipishani hata dakika arobaini. Sasa jaribu kumwambia mama yako kwenye simu kwamba hapa magharibi imeshaingia na bado ni saa kumi kasoro.

"Saa kumi ipi, mwanangu?"

Saa kumi alasiri, mama.

"Haya," anasema, kwa ile sauti ya mtu aliyeamua kutobishana na mgonjwa.

Na mgonjwa nilikuwa kweli, ila ugonjwa wenyewe sikuwa na jina lake. Ninalea wazee, zamu ya usiku, mashariki ya London. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma, na kuanzia hapo jua linazama kabla ya saa kumi na moja. Ikifika katikati ya Desemba linazama saa kumi kasoro dakika nane hivi. Mtu anayetoka kazini saa mbili asubuhi, akalala saa tatu, akaamka saa tisa, mchana wa siku hiyo umempita akiwa chini ya blanketi. Hata swala zinabanana: adhuhuri, alasiri na magharibi zote zinaingia ndani ya saa nne, ukipitiwa na usingizi kidogo una deni la mbili.

Sikuwa nalia. Watu wanadhani lazima ulie. Ulikuwa uzito tu. Maji ya chai yanachemka mpaka yanakauka na mimi nimesimama pale pale nayaangalia. Simu inaita, naitazama mpaka inyamaze. Wali niliopika Jumatatu nautupa Alhamisi. Na nikiulizwa hujambo, nasema sijambo, maana lugha yetu imeshakuwekea jibu mdomoni kabla hujajiuliza. Neno sonona lipo, redioni na hospitalini wanalitumia, lakini nyumbani kwetu sikumbuki kulisikia hata mara moja. Sisi tulikuwa na "mawazo". Fulani ana mawazo. Aliyefeli mtihani ana mawazo, aliyeachwa ana mawazo, na anayeongea peke yake barabarani naye ana mawazo mengi. Shangazi nilipomdokezea alicheka: unalipwa kwa pauni, huzuni ya nini?

Baadaye nilisoma habari za daktari Norman Rosenthal. Ni mzaliwa wa Afrika Kusini, alihamia Marekani miaka ya 1970 na majira ya baridi ya New York yakamnyong'onyeza mwenyewe kabla hajaanza kuyachunguza kwa wengine. Mwaka 1984 yeye na wenzake walichapisha maelezo ya sonona inayokuja na kuondoka na majira. Nilifarijika kupita kiasi. Mtu wa jua, kama mimi, aliyefika kwenye giza na kuuliza hiki ni kitu gani, badala ya kuambiwa amshukuru Mungu.

Kamera ilikuja kwa bahati. Niliingia duka la mitumba kutafuta koti, nikatoka na koti na kamera ya pauni arobaini, yenye lenzi moja isiyovuta. Sikuwa na mpango nayo. Ilikaa kabatini mwezi mzima, mpaka asubuhi moja ya Oktoba nilipotoka kazini nikajua kabisa kwamba nikirudi chumbani leo sitatoka tena mpaka zamu. Nikaenda nyumbani kuichukua, nikapanda treni ya Central kuelekea upande nisiokuwa na shida nao, kwa sababu tu nilikuwa nimesikia kwamba mwisho wa njia ile kuna msitu.

Upo. Msitu wa Epping una ukubwa wa hekta 2,400 hivi, umeanza ndani ya London na kuendelea kaskazini mpaka kaunti ya Essex. Unashuka Loughton, unapandisha kilima kwa mguu, na ghafla nyumba zinakwisha. Mti unaotawala huko ni beech. Mimi nauita mbichi, kwa utani wangu mwenyewe, ingawa majani yake ninayoyapenda ni yale yaliyokauka. Na ni miti ya ajabu. Shina fupi nene, halafu juu kidogo ya kimo cha mtu yanatoka matawi kumi, kumi na tano, manene kama miti kamili, utadhani mkono uliokunjuliwa vidole. Sababu yake ni kuni. Wenyeji walikuwa na haki ya kukata matawi, na walikuwa wakikatia juu ili machipukizi yasiliwe na ng'ombe. Miaka ya 1860 mwenye ardhi alipozungushia uzio sehemu ya msitu, mzee mmoja wa Loughton aitwaye Thomas Willingale aliendelea kukata kuni zake kama kawaida. Ningependa kukutana na mzee huyo. Namwona kabisa akikaa barazani na wazee wa Ngamiani, kule kwetu Tanga. Ugomvi ule ulichangia kupatikana kwa sheria ya mwaka 1878 iliyouhifadhi msitu kwa ajili ya watu wote, lakini ukataji wenyewe nao ukakomeshwa, na matawi yakaachwa yanenepe mpaka leo. Ng'ombe bado wapo. Wana mapembe marefu, na shingoni wamevaa vifaa vya setilaiti vinavyowaonya wasivuke mpaka usioonekana. Mara ya kwanza kukutana nao ukunguni nilisoma dua yote niliyofundishwa chuoni.

Siku ile nilipiga picha kama mia moja hivi. Mbovu karibu zote. Lakini nilirudi nyumbani saa tisa nikiwa na njaa, na sikuwa nimesikia njaa kwa wiki kadhaa.

Nimesikia watu wakishauri: weka kamera chini, yafurahie mandhari kwa macho yako. Ni ushauri mzuri kwa mtu ambaye tayari ana furaha. Mimi nikikaa kwenye gogo mikono mitupu, dakika tano tu nimeshafika kwenye kodi ya nyumba, dakika kumi nipo kwenye mazishi ya baba, niliyoyatazama kwenye simu huku mtandao ukikatika pale hasa walipokuwa wanamshusha. Utulivu wa msitu haunifai kitu hapo. Unanipa tu nafasi ya kusikia vizuri. Kamera inanipa kazi. Jani lipi kati ya haya elfu? Mwanga unatoka wapi? Chini ya miti kuna giza, kwa hiyo kamera inahitaji muda mrefu kidogo kuupokea mwanga, na mkono ukitikisika picha imeharibika. Basi naegemeza bega kwenye shina, nabana viwiko mbavuni, navuta pumzi, naitoa nusu, nabonyeza. Ukifanya hivyo mara hamsini, mwili wenyewe unatulia bila kuombwa. Hakuna nafasi ya kufikiria kodi katikati ya nusu pumzi.

Kuna kitu kimoja sikukitegemea. Kwetu mpiga picha ana nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, baada ya hapo jua linapanda utosini na kila uso unakuwa na matundu meusi mahali pa macho. Hapa mwezi Novemba hata saa sita mchana jua halifiki theluthi ya njia ya kwenda juu. Linazunguka kando kando, na mwanga wake unapita kati ya miti ukiwa umelala, mchana kutwa. Ukisimama ukaliangalia jani la mbichi huku jua liko nyuma yake, linawaka rangi ya shaba mpaka mishipa yake unaihesabu, kama kanga mpya iliyoanikwa kwenye kamba alasiri. Siku za mawingu nazo si za kulaumu: rangi zinakolea zaidi, hasa mvua ikiwa imekatika punde. Mwenye simu tu hakosi kitu. Gusa sehemu inayong'aa kuliko zote kwenye kioo, uvute kidole chini kidogo kupunguza mwanga, rangi itarudi. Na betri uiweke kwapani, baridi inaimaliza.

Kuhusu jina la majira haya nina ugomvi na makamusi. Yanasema autumn ni vuli. Vuli gani? Vuli ni mvua, ni Oktoba mpaka Desemba ardhi inanukia na watu wanapanda mahindi. Vuli inaotesha. Haya ya huku yanapukutisha, na kwa kuwa kitenzi chake tunacho, mimi nasema mapukutiko. Asiyependa aniletee jingine, lakini si vuli.

Ni kweli pia kwamba majani mekundu sikuyaonea Ulaya. Uani kwetu Tanga ulikuwepo mkungu. Mnaoujua mkungu mnajua: majani mapana kama sahani, na kabla ya kudondoka yanageuka mekundu kama damu ya mzee, mengine rangi ya chungwa, yakatanda uwanja mzima. Hatukuona uzuri wowote. Ilikuwa taka. Mama alikuwa anatuamsha kabla ya jua na mifagio ya chelewa, mimi na dada zangu, tunainama tunayafagia, na kabla hatujamaliza kukoka moto wa chai mkungu umeshadondosha mengine. Niliuchukia mti ule. Nilikuwa nasema nikiwa mkubwa nitakaa ghorofani kusikokuwa na uwanja. Nakaa ghorofani sasa, na nalipa nauli kwenda kutazama majani yaliyoanguka.

Ya huku yanageuka kwa sababu siku zinafupika na baridi inaingia. Mti unaacha kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani, na kinachobaki ni manjano iliyokuwemo tangu jani lilipochipua, imefunikwa tu. Wekundu ni habari nyingine: miti mingi inautengeneza wakati huu huu wa mwisho, kwa sukari iliyobaki ndani ya jani, na ndiyo maana mwaka wenye mchana wa jua na usiku wa baridi kali kidogo unapata wekundu mwingi. Halafu pale kikonyo kinapoungana na tawi linajengeka tabaka la seli dhaifu, na jani linaachia. Mibichi michanga huwa haiachii. Utaikuta Januari msitu wote uko mtupu, yenyewe imeng'ang'ania majani makavu yanayogongana kwenye upepo. Nina picha nyingi sana za miti hiyo, kuliko inavyostahili.

Mwanzoni nilikuwa naziweka picha kwenye status. Binamu yangu wa Dar akaandika, "Dada unakula bata tu huko." Hakuwa na ubaya. Lakini wiki iliyofuata nilijikuta msituni natafuta picha ya kumwonyesha binamu, yenye jua, yenye bata wenyewe ikiwezekana (wapo kwenye bwawa la Connaught, wale wa rangirangi wenye asili ya Asia, na nilisimama saa nzima kwenye tope kuwasubiri), na nikarudi nimechoka na moyo umenuna zaidi ya nilivyotoka. Tangu hapo siziweki. Naamini picha ya namna hii ikishatafuta kusifiwa inageuka kuwa zamu nyingine, na mimi zamu ninazo za kutosha.

Wala sitaki mtu aende kwa miti wakati anahitaji daktari. Novemba iliyofuata baada ya baba kufariki nilikwenda Epping mara nne na mara zote nilirudi nilivyokwenda. Mara moja niliketi kwenye lile tuta la kale wanaloliita Loughton Camp, kamera imo mkobani, mpaka giza likanikuta, na nilitoka msituni kwa kufuata sauti za magari. Picha iliyopigwa siku hiyo haipo. Wiki iliyofuata nilijiandikisha kwa tiba ya mazungumzo. Hapa England unaweza kujiandikisha mwenyewe bila kupitia kwa daktari, na Waswahili wengi ninaokutana nao hawalijui hilo. Ilichukua muda. Ilisaidia. Aliyenihudumia aliniuliza ni kitu gani nilikuwa nakifanya nilipokuwa na nafuu, nikamwambia napiga picha majani. Nilidhani atacheka. Aliandika kwenye daftari lake, akaniuliza saa ngapi. Nikamwambia asubuhi, nikitoka kazini, kabla ya kulala. Akasema nisiiache hiyo asubuhi, hata nisipochukua kamera.

Nachukua kamera hata hivyo.

Mwaka jana nilimtumia mama picha moja, ya kwanza niliyomtumia mtu tangu mambo ya binamu. Njia ndani ya msitu, miti pande zote mbili, na chini ni majani matupu, mekundu na ya shaba, yamefunika kila kitu mpaka njia yenyewe huioni. Nilikuwa nimeipenda sana. Alikaa nayo siku nzima bila kujibu, halafu usiku ikaja sauti yake.

"Mwanangu, nimeiona. Sasa hayo yote anafagia nani?"

Nikamwambia hakuna anayefagia, mama. Yanaachwa hapo hapo mpaka yaoze.

Akanyamaza kidogo. Nikasikia jogoo wa jirani, na kwa mbali redio.

"Wana bahati," akasema, "wanawake wa huko."