Lifti ya Baba Mwende

Mimi sina gari. Nalisema hili mapema ili wenye magari wasipoteze muda kuniuliza. Lakini nimekaa kiti cha mbele cha gari la jirani yangu Baba Mwende kwa miaka mitatu, Jumatatu hadi Ijumaa, kutoka Imara Daima hadi mjini Nairobi, na anayekaa kiti cha mbele huona barabara kuliko dereva. Dereva anaangalia simu.

Na msidhani lifti ni ya bure. Nauli silipi, kweli, ila nina kazi. Mimi ndiye indiketa ya kushoto. Ile ya gari ilikufa mwaka juzi, kwa hiyo tukikaribia Bellevue na tukitaka kuingia leni ya kushoto, nashusha kioo, natoa mkono, nawapungia watu kama mgombea udiwani aliyeona kundi la vijana. Kioo chenyewe hushuka kwa kusukumwa na viganja viwili. Kupanda, hupanda siku kinapojisikia. Mimi pia ndiye mchota maji, maana kidumu cha lita tano kilichokuwa cha mafuta ya kupikia kinaishi katikati ya miguu yangu kikisubiri rejeta iite. Mimi ndiye msukumaji. Na mimi ndiye mshika tawi.

Tawi nalo lina historia. Mnajua Mkenya gari likimzimikia barabarani hufanya nini: anavunja tawi la mti wa watu, analilaza lami nyuma ya gari, basi, nchi nzima inaelewa kwamba hapa kuna mtu ana shida. Sasa Baba Mwende ni mtu wa mipango. Alichoka kutafuta mti Mombasa Road akiwa amevaa tai, akaamua kuwa na tawi lake mwenyewe. La mkaratusi. Linakaa ndani ya gari siku zote. Majani yalipukutika kitambo, sasa ni fimbo ya kuchungia ng'ombe, lakini bado tunaliita tawi. Zile pembetatu nyekundu za sheria anazo? Anazo, tena mpya, ndani ya kasha lake, hata nailoni haijatoka. Zile ni za kuonyesha askari.

Gari hili, Toyota Fielder, lilishuka Mombasa likiwa na umri wa miaka 7, kwa kuwa sheria yetu hairuhusu gari lililozidi miaka 8 kuingia nchini. Wajapani walilitunza kama yai. Lilifika likinukia ofisi ya meneja. Kwenye fremu ya mlango wa dereva kulikuwa na kibandiko chenye maandishi ya kwao na kilomita za kubadilisha oili. Kibandiko bado kipo. Hayo ndiyo maandishi ya mwisho kuandikwa na binadamu yeyote kuhusu oili ya gari hilo.

Tena linaongea. Ukizungusha ufunguo, sauti ya mwanamke inatoka kwenye dashibodi, ya upole, ya adabu, Kijapani kitupu. Miaka yote Baba Mwende amekuwa akimjibu, "Asante mama, na wewe pia." Mpaka siku binamu yangu, aliyewahi kusomea Kijapani kidogo apate kuongoza watalii, alipopanda nasi. Alicheka hadi akakohoa. Kumbe mama hasalimii mtu. Anasema kadi haijaingizwa. Ni kile kidude cha kulipia barabara za kulipia huko kwao Japani. Sasa piga picha: tangu mwaka 2022 na sisi tuna barabara ya kulipia, Expressway, kilomita 27, Mlolongo hadi Westlands, inapita juu ya vichwa vyetu pale uwanja wa Nyayo. Sisi tuko chini kwenye jamu. Injini inazimika, maana huzimika. Tunawasha. Mama anaomba kadi. Juu wenye kadi wanapita, vuuu.

"Huyu mama ana dharau," Baba Mwende husema siku hizi. Hamjibu tena.

Pale chini Nyayo nako si barabara, ni mnada. Taa inasema nyekundu, askari anasema njoo, bodaboda hajamuuliza yeyote. Jamu ikiziba hatua kumi tu, kuna mwenye akili zaidi ya wengine anapanda ukingo wa barabara, anatimua vumbi, anaovalapu magari arubaini, kisha kule mbele anatia pua ya gari katikati yetu huku akiinua kiganja cha "samahani bosi". Nyuma yake wamemfuata sita. Baada ya dakika tano barabara ya leni tatu ina mistari saba ya magari na hakuna hata mmoja unaosonga. Na kila aliye ndani ya ile mistari minne ya ziada anapiga honi, ameudhika, anashangaa jamu hii imetoka wapi.

Halafu hazadi, zile indiketa zote kuwaka kwa pamoja. Hivi, hizi taa za hazadi mlifundishwa na nani? Mtu anawasha hazadi akaegesha gari katikati ya barabara, anaingia duka la dawa, anarudi na maji ya kunywa na karanga. Mtu anawasha hazadi kwenye mzunguko kukuambia anaenda moja kwa moja, ilhali wewe upande wako unaona taa moja tu, unajua anakata kona, na mnakutana hapo. Mvua ikidondoka matone manne, Mombasa Road yote inawaka hazadi kama harusi, hujui nani amesimama na nani anakimbia. Ukiwasha hazadi Nairobi umejiandikia ruhusa na kuipiga muhuri.

Turudi kwa mgonjwa wetu. Injini inachemka kwa sababu ya fundi. Huyu fundi ana gereji chini ya mwembe bila mwembe, yaani ni uwanja tu. Siku moja alifungua boneti akang'oa kile kidude kinachoitwa thamostati, akakitupa nyuma ya bega kama mfupa. "Hii ni ya baridi ya Japani, mzee. Huku kwetu jua tupu." Aliyasema hayo mwezi wa Julai, Nairobi, akiwa amevaa jaketi mbili na boshori. Kazi ya kile kidude ni kuzuia maji ya rejeta yasizunguke mpaka injini ipate joto lake, ndipo kifunguke. Kikiondoka, injini inakaa baridi asubuhi nzima ikila mafuta kama bwana harusi. Dawa aliyowekewa badala yake ni maji ya bomba. Maji ya bomba yakatia kutu, kutu ikaziba rejeta, na sasa injini ina utaratibu wake: hadi Bellevue ina baridi, kuanzia Nyayo inapika.

Mafuta yenyewe hununuliwa kwa mia mbili, mia tatu. Ile taa ya manjano ya mafuta nilidhani ni ya mapambo mpaka siku moja ilipozimika, Baba Mwende akashtuka akadhani imeharibika. Ili kuyatunza, pakiwa na mteremko, hata mteremko wa tuta la barabarani, anatia nyutro. Nimemwambia mara mia: Baba Mwende, injini za siku hizi ukiteremka ndani ya gia ukaondoa mguu kwenye pedeli ya mafuta, zinajikatia petroli zenyewe, ukitia nyutro ndipo zinaendelea kunywa, na tena unakuwa huna gia ya kukushika. Hunitazama kwa huruma. "Una gari gani wewe, Baba Njoki?"

Hapo nanyamaza.

Matairi sitasema mengi. Mlinzi wetu wa geti aliwahi kuuza matairi, akanifundisha kuangalia ubavuni tarakimu nne za mwisho: mbili za wiki, mbili za mwaka. Nikainama pale kwenye maegesho nikasoma la nyuma kulia: 0812. Wiki ya 8, mwaka 2012. Kibaki alipokuja kufungua stesheni ya reli ya Syokimau ilikuwa Novemba ya mwaka huo huo. Tairi lile lilikuwa mtoto wa miezi minane, linatambaa. Sasa lina kipara kinachong'aa kuliko changu. Nilipompelekea Baba Mwende taarifa hizo alifurahi sana. "Ya kale ni dhahabu, jirani."

Mtasema mtu huyu hana pesa. Lo! Hapo ndipo mnakosea, na hapo ndipo mimi hukosa usingizi.

Pedi za breki huwa na ulimi mdogo wa chuma. Pedi ikiisha, ulimi unagusa diski, unalia wiiii. Waliouweka waliwajua watu: aliyepuuza kuangalia, basi asikie. Wetu ulianza kulia mwezi wa Machi. Baba Mwende aliusikiliza kwa makini kutoka nyumbani hadi Bunyala, mwishowe akasema, "Jirani, hii kelele itaniua." Nikamshukuru Mungu. Jumamosi akaenda Kirinyaga Road, ile ambayo bado tunaiita Grogan, kuliko na kila spea chini ya jua, zikiwemo za gari lako ulilopaki jana usiku. Jioni akarudi anatabasamu. Alikuwa amenunua spika.

Spika mbili za inchi 12 na ampulifaya. Buti likajaa. Jeki ikahamia miguuni kwangu ikakae na kidumu. Tawi likapanda kiti cha nyuma, na kwa kuwa kila tukifunga breki lilikuwa linakuja kunidunga kisogoni, lilifungwa mkanda. Ndilo abiria pekee anayefunga mkanda humo ndani. Sisi tulio mbele tumeuchomeka mkanda nyuma ya mgongo ili ile kengele inyamaze. Marehemu Waziri Michuki, aliyewafunga mikanda hata abiria wa matatu mwaka 2004, akituona atafufuka.

Tangu siku hiyo breki hazikulia tena. Yaani zililia, lakini nani asikie? Na baba wa watu akawa amegundua tiba. Bushi zikaanza kugonga, akaongeza besi. Beringi ya gurudumu ikaanza kunguruma, akaenda kukatiwa egzosi ili nayo ingurume zaidi. Huo ugonjwa alimwambukiza kijana wa ghorofa ya tatu mwenye Subaru, anayerudi saa nane za usiku gari likipiga risasi kwenye ngazi zetu, pa, papapa, watoto wanaamka wanalia. Kijana anajivuna ametoa kile kichujio cha moshi chenye masega ndani. Fundi alimtolea bila kumtoza hata senti, akamshukuru fundi kwa moyo wake mwema. Hajui mle ndani mna platini na paladi, na kwamba fundi angemlipa yeye.

Mapambo nayo! Taa za mbele zimewekwa balbu nyeupe za LED ndani ya vioo vilivyochongwa kwa balbu ya kawaida, kwa hiyo mwanga hauendi barabarani, unaenda machoni mwa watu. Anayekuja mbele haoni, na sisi hatuoni. Angalau tuko sawa. Juu ya boneti imegundishwa pua ya plastiki, ile ya kuingiza hewa, ila chini yake boneti halina tundu. Pua isiyopumua. Chini ya gari kuna taa za buluu, ukisimama kwenye dimbwi usiku unafanana na baa. Na juu ya taa za mbele, nisameheni, kuna kope. Kope za bandia, nyeusi, zimejikunja. Ya kushoto ilidondoka South C, sasa gari linakonyeza watu. Mama Mwende alipoiona hiyo, alichukua mkoba wake akaenda kupanda matatu, na hajarudi.

Jumanne iliyopita, tumetoka getini, hatujafika hata barabara kuu, redio ikanyamaza. Nilidhani nimekuwa kiziwi. Kisha nikaanza kusikia. Kwanza breki, wiiii. Halafu chini ya miguu yangu, ko, ko, ko. Nyuma kulia, mvumo kama wa posho mill. Mahali fulani kwenye usukani kitu kilikuwa kinaguna kila tukikata kona, kama mzee anayenyanyuka kwenye kigoda. Hata tawi nililisikia likisugua kiti.

Baba Mwende alipunguza mwendo. Akainama, sikio karibu na usukani. Jasho likamtoka. Sijawahi kumwona mtu akikutana na gari lake mwenyewe.

"Baba Njoki, unasikia?"

"Nasikia."

"Yote haya yameanza leo?"

Sikumjibu. Nilitoa mkono nje, nikapunga, tukasogea kando. Akawasha hazadi. Bila kuambiwa nilirudi nyuma nikafungua mkanda wa tawi, nikalilaza lami mita kumi nyuma ya gari, nikasimama kando yake nikijua kwamba leo, hatimaye, leo. Nikamwona ametoa simu, mkono unamtetemeka.

"Haloo, fundi? Fundi, acha kila kitu ulichoshika, njoo sasa hivi. Gari limeharibika vibaya sana." Akasikiliza kidogo. "Ndiyo, ni hatari, siwezi kuliendesha hivi. Kuja na fyuzi ya redio."