Bembea ya Maisha haikuandikiwa mtihani pekee

Mpwa wangu alipokuwa kidato cha tatu aliniomba pesa za kiingilio. Kikundi cha waigizaji kilikuwa kinakuja kuigiza Bembea ya Maisha, tamthilia ya Timothy Arege, katika ukumbi wa shule jirani. Nikampa, kisha nikaamua kumsindikiza.

Jukwaa lilikuwa na viti viwili, meza na sufuria. Wanafunzi walikuwa wanapiga kelele mpaka Sara alipoingia. Aliingia polepole, mkono mmoja kiunoni, akashika mgongo wa kiti, akasubiri maumivu yapite ndipo akaketi. Hakuwa amesema neno, na ukumbi mzima ulikuwa umenyamaza. Mwalimu mmoja wa kike aliyekaa kando yangu akasema chini kwa chini, "Huyo ni mama yangu kabisa."

Hapo ndipo nilipoona tunavyojinyima. Tamthilia mpya za Kiswahili hapa Kenya tumewaachia watahiniwa. Wanazisoma huku miongozo iko kando, wanakariri sifa za wahusika na mbinu za uandishi, na KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari, ikiisha kitabu kinauzwa au kinapewa mdogo wa mtu. Sisi wenye wazazi wanaozeeka na ndoa za kulinda, ambao Arege anatuzungumzia waziwazi, hatuzigusi.

Mchukue Bunju. Sara ni mgonjwa, ameletwa mjini kutibiwa, na binti yake Neema ana nyumba nzuri. Lakini Bunju, mume wa Neema, anashikilia kwamba mila hairuhusu mama mkwe kulala kwa mkwewe. Mgonjwa anaishia kwa Asna, binti mwingine, ambaye makao yake ni duni. Kitabuni nilimchukia Bunju. Jukwaani mwigizaji aliyasema maneno yake kwa upole, kama mtu anayeamini kwamba anamheshimu mkwewe, nikakumbuka wanaume ninaowapenda ambao wangesema vivyo hivyo. Neema alisimama katikati, mkoba bado begani, akimtazama mumewe. Sijui mhadhara wa ndoa unaoweza kueleza jambo hilo vizuri zaidi.

Halafu yuko Yona, mumewe Sara, aliyezama katika pombe baada ya miaka ya kusimangwa na wanakijiji, kwanza kwa kukosa mtoto, kisha kwa kupata mabinti watupu. Anapoanza kujirudi na kuingia jikoni kumhudumia mkewe, wavulana waliokuwa nyuma yetu walicheka. Wasichana wakapiga makofi mpaka kicheko kikazimika.

Tukiwa kwenye matatu mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, nyanya akiugua atalala kwa nani?" Sikuwa na jibu. Jumapili hiyo nilimpigia simu dada yangu tukalizungumza jambo ambalo tulikuwa tumelikwepa kwa muda mrefu.

Ukimaliza hiyo, tafuta Kigogo ya Pauline Kea. Hiyo ni ya siasa: Majoka anatawala Sagamoyo, soko la Chapakazi limefungwa, na Sudi, fundi wa kuchonga, anakataa kuchonga kinyago anachoagizwa na wakubwa huku wenzake wakikubali. Kwangu mimi Tunu, msichana anayeongoza upinzani, ni miongoni mwa wahusika wa kike wenye nguvu zaidi katika tamthilia zetu za karibuni. Ukiwa nyumbani, isomeni kwa sauti, kila mtu na mhusika wake. Mazungumzo yake ni ya haraka na yana ukali ambao jicho peke yake haliupati.

Ninawaomba wenye vikundi vya maigizo jambo moja. Mnapomaliza ziara za shuleni, tuigizieni na sisi, Jumamosi jioni, katika kumbi za mitaa. Kiingilio nitalipa, na mama nitakuja naye.