Niliutia Sukari Mvinyo wa Baba Mkwe

Kilichoniponza ni mdomo. Siku ya kwanza ukweni, karibu na Heilbronn, kusini mwa Ujerumani, nilimtambia baba mkwe kwamba mimi ni mtoto wa Dodoma, zabibu nimezijua kabla sijajua kusoma. Kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka! Mzee akaacha kutafuna. Wao huvuna mara moja, na vilima vyote vya pale vinavyoutazama mto Neckar vimejaa mizabibu. Basi nikawa mtaalamu wa nyumba.

Nilichomficha ni kwamba mvinyo ninaoujua mimi ni dompo, ule mtamu wa kunatisha midomo.

Jumapili mama mkwe akapika Zwiebelrostbraten: pande la nyama ya ng'ombe la kukaanga, juu yake rundo la vitunguu vilivyokaangwa hadi vinavunjika, pembeni Spätzle, zile tambi zao nene fupi, na mchuzi mweusi. Baba mkwe akashuka stoo ya chini, akapanda na chupa ya Lemberger, mvinyo mwekundu wa kwao, kaikumbatia kama mjukuu. Akaifungua. "Mtaalamu, uonje kabla hatujakaa," akasema, kisha akaenda kubadili shati.

Nikamimina. Rangi nzito, nyekundu inayoelekea zambarau. Harufu ya matunda, safi kabisa. Nikapiga funda.

Lahaula! Kama nimeng'ata bibo la korosho halijaiva. Ulimi ulijikunja, meno yakavaa soksi. Nikajua umechacha, na mzee wa watu ataumbuka mezani. Nikasoma lebo: *trocken*. Kijerumani changu cha miezi minne kilinitosha kujua maana yake ni kavu. Dagaa ni wakavu, sawa. Nguo zikianikwa zinakuwa kavu. Kitu cha majimaji kinakuwaje kikavu? Nikaamua hilo ni onyo kwa mnywaji.

Kopo la sukari lilikuwa karibu. Nikatia vijiko vinne vya chai, nikaziba mdomo wa chupa kwa dole gumba, nikaitikisa kama dawa ya kikohozi. Dole likateleza. Shati langu jeupe likapata ramani nyekundu kuanzia kola hadi kitovu. Ndiyo maana nilikaa mezani na sweta la sufu, mwezi wa Julai.

Mzee akazungusha glasi, akanusa, akafumba macho kama anayeomba dua. Akanywa. Likafumbuka jicho moja. Akasoma lebo ya mbele, akageuza, akasoma ya nyuma. Halafu akainua glasi dirishani. Chini kabisa, chembe za sukari zilikuwa zinazunguka taratibu, hazina haraka.

"Mkwe, Dodoma mnafanya hivi?"

Wana Dodoma mnisamehe. Kichwa kiliitika chenyewe.

Mzee akachukua kalamu na leso ya karatasi. Ili uitwe *trocken*, akanieleza, sukari haivuki gramu 9 kwa lita. Vijiko vyangu akavikadiria gramu 16, chupa ni robo tatu ya lita, kwa hiyo nimeongeza zaidi ya gramu 20 kwa kila lita. "Umeuhamisha daraja. Sasa ni *lieblich*."

Neno hilo nililijua: la kupendeza. Kumbe kwenye mvinyo ni daraja la wenye utamu. Nikasema ahsante. Mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza.

Ikaletwa chupa ya pili. Mzee akanizuia kunywa mpaka nitafune nyama, tena upande wenye mafuta. Nikatii. Makali ya bibo sikuyaona tena; yalikutana na yale mafuta yakatulia, na mchuzi ukazidi kunoga. Akaniambia hata nyama ya swala wao wa msituni inaelewana sana na Lemberger. Nami nilikuwa nataka kuuhukumu mtupu, bila kitoweo!

Chupa yangu mama mkwe hakuimwaga. Aliimiminia kwenye sufuria la kabichi nyekundu, ambayo kwa kawaida huipika kwa tofaa, mvinyo na sukari. Kabichi ikatoka tamu kweli, nikaongeza mara mbili nikiwa natiririka jasho ndani ya sweta.

Siku hizi nikifika, baba mkwe hunipa mkono wa kulia vizuri tu. Wa kushoto unakuwa unasogeza kopo la sukari.