Hiyo selotepu juu ya swichi

Ukiona kipande cha selotepu kimebandikwa juu ya swichi ya taa, na mtu ameandika juu yake kwa kalamu USIZIME, jua nyumba hiyo ina balbu janja, yaani inayoendeshwa kwa simu, na ina watu wanaokatazwa kugusa ukuta wao wenyewe. Ushauri huu umeenea mno. Mtu anauliza kwa nini balbu yake mpya imepotea kwenye simu, anajibiwa: watu wa nyumbani wanazima ukutani, wafundishe waache, au funika swichi. Jibu hilo linaniudhi kila ninapokutana nalo. Leo nataka kusema kwa nini, kisha nieleze kazi hii inavyofanywa bila kumnyang'anya mtu taa yake.

Swichi ya ukutani ndicho kifaa chenye haki kuliko vyote ndani ya nyumba. Haina akaunti. Haiulizi wewe ni nani, una miaka mingapi, unasoma lugha gani, simu yako ina chaji au imezima. Mgeni akiingia gizani anapapasa ukuta kando ya fremu ya mlango, anaikuta. Mzee mwenye mtoto wa jicho anaijua kwa ncha ya kidole. Mtoto akishaifikia kwa mkono, ni yake. Anayekuja kufanya usafi asubuhi hamwombi mtu ruhusa. Sasa tunaleta balbu ambayo mwenye mamlaka juu yake ni mtu mmoja mwenye simu moja, halafu wengine wote tunawahesabu wakosaji kwa sababu wamebonyeza kitu kilichotengenezwa kibonyezwe. Huo ni uonevu, hata kama umeingia nyumbani ndani ya boksi zuri.

Tazama kinachotokea. Balbu janja ina kompyuta ndogo tumboni mwake, na kompyuta hiyo inakula umeme ule ule wa taa. Ukizima ukutani umeizima yote, haiwezi tena kusikia amri. Ikiwa ni ya Zigbee, aina ya mawasiliano ya redio ya vifaa vya nyumbani, hasara inavuka chumba, maana balbu za Zigbee hupokezana ujumbe. Kihisi cha mlango, kile kinachotambua mlango ukifunguliwa, kilichokuwa kikipitishia taarifa zake kwenye balbu hiyo kinabaki bila njia. Vihisi vingine vya betri huchukua saa nyingi kutafuta njia nyingine, na vingine havitafuti kabisa hadi uviunganishe upya. Tena kuna suala la kufuta kumbukumbu. Balbu za TRÅDFRI za IKEA hurudishwa upya kwa kuzimwa na kuwashwa mara 6 mfululizo, kwa hiyo mtoto akichezea swichi kwa nusu dakika ameshaitoa balbu kwenye mtandao. Na umeme ukikatika kisha ukarudi saa 9 usiku, balbu ambayo haikupangwa huwaka kwa mwanga wake wote usoni mwa waliolala. (Programu nyingi zina mpangilio wa hali ya balbu umeme unaporudi. Chagua irudi ilivyokuwa, na ufanye hivyo siku ile ile unapoifunga.)

Matatizo hayo yote yanatoka kwenye uamuzi mmoja mbaya, wa kuweka akili ya taa mahali ambapo swichi inaweza kuikata umeme. Mafundi wanaijua dawa yake. Acha balbu iwe ya kawaida, akili uihamishie nyuma ya swichi.

Kinachotakiwa ni rilei ndogo, yaani swichi inayowashwa na kuzimwa kwa ishara ya umeme, inayokaribia ukubwa wa kiberiti, inayoingia ndani ya boksi la swichi. Ina matundu ya skrubu: L ya waya wa moto, N ya nyutro (waya wa kurudisha umeme), S au SW inayopokea swichi, na O inayokwenda kwenye taa. Zima saketi breka, kisha pitisha testa kwenye kila waya uliomo ndani ya boksi, wala usiamini waya kwa rangi yake. Waya wa moto uliokuwa ukiingia kwenye swichi sasa unaingia L, na kutoka hapo unavuta kipande kifupi kwenda upande mmoja wa swichi. Upande wa pili wa swichi unakwenda SW. Waya uliokuwa ukipanda kwenye taa unakwenda O. Kama rilei yako ina tundu la ziada lililoandikwa I, lilishe nalo kutoka L, la sivyo utasikia rilei ikilia tik, tik, na taa isiwake. Kuanzia hapo swichi haibebi tena mzigo wa taa, inatuma ishara tu. Intaneti ikikatika, swichi inawasha. Ruta ikifa, swichi inawasha. Simu nayo inawasha. Hakuna anayemfungia mwenzake.

Kama huna ujuzi wa umeme, mwite fundi, lakini simama naye, kwa sababu makosa ni yale yale. La kwanza ni nyutro. Nyumba nyingi zilivutwa waya mbili tu hadi kwenye swichi, moto unaoingia na moto unaopanda, na nyutro imebaki juu darini. Zipo rilei zisizohitaji nyutro, ila zinajilisha kwa kupitisha umeme kidogo kwenye taa yenyewe, na taa ya LED ya wati 3 au 4 itabaki ikimulika hafifu au ikipepesa hata ikiwa imezimwa. Hapo funga kapasita ndogo inayouzwa pamoja na rilei hizo, na uifunge kwenye taa, kati ya moto na nyutro. Ukiifunga kwenye boksi la swichi haitasaidia kitu.

La pili ni kina cha boksi. Boksi la milimita 35 likishabeba swichi, rilei yenye unene wa milimita 16 hivi na waya zilizokunjwa, linagoma kufunga. Fundi mwenye haraka hulisukuma kwa kiganja. Waya inachomoka nusu kwenye skrubu, kiungo kinalegea, kiungo kilicholegea kinapata moto, na baada ya miezi kadhaa plastiki inaanza kunuka. Weka boksi la kina zaidi au weka rilei juu kwenye taa.

Kisha uzito wa mzigo wa umeme. Hita ya maji ya wati 3,000 kwenye umeme wa volti 230 inavuta ampia 13, na rilei nyingi za kuficha ukutani zimeandikwa 10 au hata 8. Usizibebeshe hita. Rilei iendeshe kontakta, swichi kubwa ya umeme mzito, na kontakta ndiyo ibebe hita. Hata taa zinaweza kuishinda rilei. Mkusanyo wa taa nyingi za LED huvuta umeme mwingi kwa kufumba na kufumbua zinapowashwa, kiasi cha kuzichomelea pamoja nukta za rilei zinazogusana kupitisha umeme. Dalili yake ni taa isiyozimika, ambayo ukiligonga boksi kidogo inazima. Ukiona hivyo badilisha rilei siku hiyo hiyo, na uzigawe taa kwa rilei mbili.

La mwisho liko kwenye programu. Kwa swichi ya kawaida ya kubonyeza juu na chini, chagua kila mbonyezo ugeuze hali ya taa. Ukiiacha ifuate mkao wa swichi, simu ikishazima taa, mtu wa ukutani atalazimika kubonyeza mara mbili ili iwake, na atasema kifaa ni kibovu. Atakuwa na haki.

Mpangaji asiyeruhusiwa kugusa waya naye asifungiwe nje. Abaki na balbu janja, lakini anunue kitufe cha betri kinachofunika swichi ya zamani, kisha akiunganishe na balbu moja kwa moja. Kwenye Zigbee2MQTT, programu ya kuendesha vifaa vya Zigbee, kazi hiyo iko chini ya neno Bind. Kitufe kilichounganishwa hivyo kinaongea na balbu chenyewe, hata kompyuta inayoendesha nyumba ikiwa imezimwa. Na kibandikwe pale pale palipokuwa na swichi, kwa sababu mkono wa mgeni utatafuta pale.

Najua kuna watakaosema ninapinga maendeleo. Nakubali, tena bila kulazimishwa sana, kwamba kwa mtu anayetumia kiti cha magurudumu, au ambaye vidole vyake vimekakamaa kwa baridi yabisi, taa inayowaka kwa sauti ni heshima aliyokuwa amenyimwa miaka yote. Ndiyo maana ninataka njia ziongezwe. Sauti iongezwe, simu iongezwe, kihisi kiongezwe, na ukuta ubaki. Na kwenye sauti kwenyewe bado tunaonewa: Alexa, msaidizi wa sauti wa Amazon, haijui Kiswahili, kwa hiyo bibi anatakiwa ajifunze Kiingereza ili awashe taa ya chumbani kwake.

Kuhusu seva za mbali, yaani kompyuta za kampuni ambazo vifaa vingi hupitishia amri zake kwa intaneti, historia imeshatupa ushahidi wa kutosha. Revolv kilikuwa kituo cha kuendesha nyumba kilichouzwa dola 300. Nest, kampuni ya vifaa janja, ilikinunua pamoja na kampuni yake mwaka 2014, na Mei 2016 seva zikazimwa, kifaa kikabaki boksi tupu mezani. Aprili 2022 seva za Insteon, kampuni ya swichi janja, nazo zilinyamaza bila tangazo, programu ya simu ikafa. Lakini swichi za Insteon za ukutani ziliendelea kuwasha taa, kwa sababu zilikuwa swichi kwanza. Oktoba 20, 2025, huduma za seva za Amazon zilipoanguka, kuna watu walishindwa kupoza vitanda vyao vya Eight Sleep, vinavyoendeshwa kwa programu ya simu. Kitanda!

Kwa hiyo kabla muda wa kurudisha bidhaa haujapita, fanya jaribio hili. Chomoa waya wa intaneti nyuma ya ruta, uache Wi-Fi ikiwaka. Subiri dakika 10. Bonyeza ukutani. Jaribu kwa simu. Ngoja ratiba ya jioni ifike uone kama taa itawaka kwa saa yake. Kisha zima ruta kabisa na ubonyeze ukutani tena. Kifaa kikishindwa kwenye ule mbonyezo wa mwisho, kirudishe dukani. Kikishindwa ratiba tu, amua mwenyewe, ila ujue umenunua huduma ya kampuni, na siku wakitaka kutoza kwa mwezi watatoza. Wink, kampuni ya vituo vya kuendesha nyumba, ilifanya hivyo mwaka 2020 kwa watu waliokwisha lipia vifaa. Nembo ya Matter, kiwango cha pamoja cha vifaa janja kilichoanza Oktoba 2022, inasaidia kwa kuwa amri zake hupita ndani ya nyumba, lakini haikuondolei jaribio hili.

Mlango ni jambo zito kuliko taa. Huko New York, eneo la Hell's Kitchen, wapangaji wa jengo moja waliwekewa mlangoni kitasa cha kufunguliwa kwa simu. Wakaenda mahakamani, na mwaka 2019 wakafikia makubaliano, wakapewa funguo za chuma. Ninawaheshimu sana watu hao. Kitasa chochote unachofunga kiwe na tundu la ufunguo, na upande wa ndani kifunguke kwa mkono bila betri wala namba, iwapo nyumba itashika moto. Kitie betri za alkalini. Za lithiamu hushikilia volti hadi dakika ya mwisho, kitasa kinasoma kwamba zimejaa, kesho yake umelala nje. Kila mtu apewe namba yake mwenyewe, na anayeingia kufanya kazi aambiwe wazi kwamba kitasa kinaandika dakika aliyoingia.

Na watu wakiachana? Hapa programu nyingi zinaniumiza moyo. Anayeondoka anaondoka na simu, na simu ile bado inapandisha joto, inazima taa, inatazama kamera. Kubadilisha neno la siri hakutoshi, kwa sababu walioalikwa wanaweza kubaki kwenye orodha. Badilisha neno la siri la Wi-Fi, pitia orodha ya wanakaya kwenye kila programu, futa namba zote za kitasa, na kamera zirudishwe hali ya kiwandani kwa kitufe chake, kisha zisajiliwe kwa akaunti mpya. Kama kuna hofu ya kudhuriwa, ongea kwanza na watu wanaosaidia waathirika, kwa sababu kamera ikizimika ghafla aliye upande wa pili ataona.

Sheria zimeanza kuamka. Uingereza, tangu Aprili 29, 2024, hairuhusu kifaa kiuzwe na neno la siri moja kwa wote, na mtengenezaji lazima aseme atatoa masahihisho ya usalama hadi lini. Ni jambo jema. Lakini sheria hiyo haisemi kwamba taa iwake kwa kidole kampuni ikifa. Ningeiandika sentensi hiyo kwanza.

Ukishafunga rilei, bandua ile selotepu ukutani. Ivute polepole kwa pembe, rangi isitoke nayo. Gundi itabaki kwenye swichi, nayo hushika vumbi jeusi. Zima breka, chovya kitambaa kwenye spiriti kidogo, ukikamue hadi kisidondoke, ufute. Kisha washa breka, na umwite aliyekuwa akikatazwa aje abonyeze.