Popoo inafunga mdomo wasee

Hii habari yenu ya pakiti za popoo, ile kokwa ngumu watu hutafuna, kuuzwa kando ya stage hapa Kisumu mmeiandika poa lakini mmetaja kansa tu mkaruka taya, na wengi huanza kuteseka hapo. Mtu akitafuna popoo miaka na miaka ngozi laini ya ndani ya mashavu inakazana, inaweka kovu juu ya kovu, kwanza anasikia pilipili inamchoma kuliko kawaida alafu pole pole mdomo unakataa kufunguka. Sasa kile kiungo cha taya pale mbele ya sikio kinaanza kusumbua, si ati kimeoza chenyewe, ni vile mashavu yamekaza na misuli inalazimisha, so mtu anaenda kuitisha dawa ya masikio. Mzee mmoja mtaani kwetu Kondele anaminya tonge la ugali likuwe bapa kama chapo ndio lipite kwa meno, na samaki ni bibi yake anamchambulia.

Jaribuni hii, panga vidole vitatu kimoja juu ya kingine uone kama vinaingia mdomoni, vikikataa enda kwa daktari wa meno. Na wale husema popoo "bila tumbaku haina shida", shirika la kansa la WHO lilishasema 2004 popoo yenyewe huleta kansa. Ukiacha leo hilo kovu halitoki, ila mazoezi ya kufungua mdomo na sindano husaidia, wengine hupasuliwa. Kaunti ikichukua hatua ianze na hao wanauzia karibu na mashule, kwanza.