Dola 850 za mahakama, dola 120,000 za ligi

Ijumaa asubuhi, tarehe 18 Oktoba 2024, katika kitongoji cha Bardon jijini Brisbane, gari lililokuwa likiendeshwa na Ezra Mam liligongana na teksi ya kuitwa kwa simu. Ndani ya teksi alikuwemo mama na binti yake mdogo. Mtoto akavunjika nyonga. Mam ni nyota wa Brisbane Broncos katika NRL, ligi kuu ya Australia ya raga ya wachezaji 13 (wenzetu wa Nairobi waliozoea raga ya 7 na ya 15 wajue hii ni nyingine, ina sheria zake na mashabiki wake). Hakuwa na leseni, na vipimo vilionyesha kokeini mwilini.

Desemba mwaka huohuo alikiri makosa mawili, kuendesha bila leseni na kuendesha akiwa na dawa mwilini. Hakimu akamtoza dola 850 za Australia na kumzuia kuendesha gari kwa miezi 6. Kisha ligi na klabu wakatoa hukumu yao: faini ya dola 120,000 na kufungiwa mechi 9.

Nimekuwa nikizirudia namba hizo mbili kichwani. Ya pili ni zaidi ya mara 140 ya ile ya kwanza. Je, mwajiri ana haki gani ya kumwadhibu mtu kupita hakimu aliyesikiliza kesi?

Wanaowatetea wachezaji wana hoja nzito hapa. Fundi bomba akikamatwa kwa kosa hilohilo atalipa faini ya mahakama na Jumatatu atarudi kazini. Mchezaji anaadhibiwa mara tatu: na mahakama, na ligi, na klabu. Tena ligi ndiyo inayochunguza, ndiyo inayoshtaki, na ndiyo inayotaja kiasi cha faini, huku jicho moja likiwatazama wadhamini. Ukimweka mtu mmoja kwenye viti vyote hivyo, usishangae wachezaji wakilalamika.

Lakini huyo fundi bomba havai jezi ambayo mtoto wa miaka 8 ameibandika ukutani. Mchezaji wa kulipwa anauza mchezo pamoja na sura yake, na mkataba aliotia saini unasema hivyo. Dola 120,000 si pesa za mchezo: ndicho kilichokuwa kima cha chini cha mshahara wa mwaka kwa mchezaji wa kikosi kikuu mwaka 2023. Kwa kosa lililomlaza mtoto hospitalini, siwezi kusema ligi ilizidisha. Nikilinganisha, ni zile 850 zinazonitia unyonge.

Kinachonisumbua ni aina ya adhabu, kuliko ukubwa wake. Miezi 7 kabla ya ajali, Mam huyohuyo alikuwa upande wa pili. Msimu wa 2024 ulifunguliwa Las Vegas, na katikati ya mechi Spencer Leniu wa Sydney Roosters akamwita nyani. Mam, ambaye asili yake ni wenyeji wa visiwa vya Torres Strait, kaskazini mwa Australia, alisimama akamlalamikia mwamuzi palepale. Baada ya mechi Leniu alilichukulia kama mzaha wa uwanjani. Siku chache baadaye, mbele ya kamati ya nidhamu, alikiri kosa, akafungiwa mechi 8.

Uzito wote wa adhabu ile ulikuwa kwenye mechi, na kila mtu aliuelewa. Wiki baada ya wiki jina lake halikuwemo kwenye kikosi, na klabu iliyomsajili ikakosa mtu wa kazi. Mechi haikopesheki, wala wakala hawezi kukulipia. Ni kwa sababu hiyo naamini kufungiwa ni adhabu ya haki kuliko faini, na ni hapo ninapotofautiana na mwelekeo wa ligi yenyewe.

Tangu 2022, makosa madogo ya uwanjani katika NRL, kama kumkaba mpinzani kizembe, yamehamishiwa kwenye faini. Kosa la kwanza lilipangiwa dola 1,000 kwa anayekubali mapema, na 1,500 kwa anayepinga akashindwa. Sababu yao inaeleweka: shabiki amelipa tiketi kumwona nyota wake, na si vizuri akose fainali kwa kosa dogo. Nakubali. Ila tufanye hesabu. Kwa anayelipwa dola 120,000 kwa mwaka, dola 1,000 ni mshahara wa siku 3. Kwa nyota wa dola milioni 1, na wapo, ni pesa anayoingiza kabla ya chakula cha mchana. Kosa ni moja, kiwango ni kimoja, maumivu ni mbingu na ardhi. Tena ile tofauti ya 500 inamnong'oneza kijana wa mshahara mdogo akubali tu yaishe, hata kama anaamini hakukosea.

Na hata kufungiwa kunaweza kulegezwa. Julai 2021, wakati wa masharti ya korona, wachezaji 13 wa St George Illawarra Dragons walikutwa wakichoma nyama nyumbani kwa mwenzao Paul Vaughan, jambo lililokatazwa. Faini zao kwa jumla zilipita dola 300,000. Vaughan alifungiwa mechi 8 na klabu ikavunja mkataba wake, ingawa msimu uliofuata alikuwa na jezi ya klabu nyingine. Wengine walifungiwa mechi moja moja, lakini kwa zamu, wiki tofauti, ili Dragons wasikose watu wa kuingia uwanjani. Naelewa kwamba ratiba na televisheni vilihitaji timu. Hata hivyo, adhabu iliyopangwa isimsumbue mtu inaanza kufanana na likizo.

Miongoni mwa waliokutwa pale alikuwemo Jack de Belin, na kesi yake ndiyo inayonifanya nisite kuwaunga mkono wakali moja kwa moja. Desemba 2018 alishtakiwa kwa ubakaji. Akakana. Februari 2019, baada ya miezi ya kashfa mfululizo, ligi ilipitisha kanuni mpya: mchezaji akishtakiwa kwa kosa ambalo kifungo chake kinaweza kufika miaka 11 au zaidi, anasimamishwa kucheza papo hapo huku akiendelea kulipwa, bila ligi kusema ana hatia. De Belin aliipinga kwenye Mahakama ya Shirikisho. Mei 2019 Jaji Melissa Perry akaipa ligi ushindi, kwamba ilikuwa na maslahi halali ya kulinda.

Kesi yenyewe ilisikilizwa mara mbili. Mara ya kwanza jopo la raia lilishindwa kukubaliana. Mara ya pili, Mei 2021, wakamwondolea shtaka moja na kugawanyika kwa yaliyobaki, kisha waendesha mashtaka wakayafuta yote. Alirudi uwanjani Juni 2021. Misimu miwili na ushee ilikuwa imepita, na hakuwahi kutiwa hatiani. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti: mshahara uliendelea kuingia, lakini miaka ya mchezaji ni michache, na hakuna ofisi inayoirudisha.

Je, kanuni ifutwe? Nimeipima sana na bado nasema ibaki. Anayedai kubakwa naye ni mtu. Kumwona mshtakiwa akishangiliwa kila wikiendi huku kesi ikisubiri kungekuwa na ujumbe wake, na wanawake wengi wangeusikia vizuri. Kinachoiokoa kanuni hii ni ule mpaka wa miaka 11. Februari 2023 Latrell Mitchell na Jack Wighton, wachezaji wa NRL, walikamatwa Canberra baada ya vurugu nje ya klabu ya usiku. Makosa yao yalikuwa chini ya mpaka huo, na wakaendelea kucheza. Oktoba, sajenti wa polisi alikiri mahakamani kwamba maelezo yake hayakuwa sahihi, na mashtaka yakafutwa. Ligi ingekurupuka Februari, ingejikuta imewaadhibu watu bure.

Kwa hiyo ningependa kuona mambo mawili yakibadilika. Faini zihesabiwe kwa siku za mshahara, siku 3 kwa kila mtu, awe mgeni wa kikosi au nahodha wa taifa. Na pale ambapo kuna aliyeumizwa, sehemu ya faini iende kwake kwanza, kabla ya mfuko wowote wa ligi au klabu. Najua mawakili watasema malipo hayo yataonekana kama kukiri dhima na kuvuruga kesi ya fidia. Ni hoja ya kweli, na inaweza kuandikiwa kifungu. Kilichotangazwa Desemba ile kilikuwa kiasi cha pesa na idadi ya mechi. Gharama za mama yule na binti yake zingeweza kuwa mstari wa tatu wa tangazo lilelile.