Mia Amepiga Tena

Babu mlinzi aliniambia mapema, tena kwa adabu zote. Ilikuwa mwezi wa saba, asubuhi ya ile baridi ya Uyole inayomfanya mtu aongee huku meno yanagongana. Alinisubiri getini kajifunika blanketi hadi masikioni.

"Mjukuu wangu, ile simu uliyoniwekea lindoni ina mtu."

"Shikamoo babu. Mtu gani tena?"

"Marahaba. Anaitwa Mia. Anapiga saa nane usiku. Nikiinua, kimya. Nikiweka, anapiga tena."

Nikaenda kuangalia. Kweli, kwenye kioo cha simu aliyepiga alikuwa 100, mara kumi na saba. Nikamwambia babu ni baridi, nyaya zinasinyaa. Sijui hata niliitoa wapi hiyo. Nilikuwa na cheti cha kompyuta, na mwenye cheti akiulizwa hakosi jibu.

Kampuni yetu inauza pembejeo na mbegu za viazi. Mama mwenye kampuni alitaka simu za kisasa zinazounganisha ofisi, stoo, duka la Mwanjelwa na lindo, na akiwa Dar es Salaam apige kwa simu yake ya mkononi ila mteja aone namba yetu ya 025. Fundi wa kweli alitaja bei yake. Mimi nikasema, Mama, hela yote hiyo ya nini? Nikapakua programu ya bure, nikaiweka kwenye kompyuta kuukuu iliyokuwa stoo chini ya magunia, na baada ya siku mbili simu zikaanza kulia. Siku ya kumwonyesha nikamwongezea utamu kwa habari za Mmarekani John Draper, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa akiichezea mitambo ya simu ya kwao kwa filimbi ya plastiki, zawadi ya watoto iliyotoka kwenye boksi la nafaka, kwa kuwa mlio wake ulifika hezi 2600 ambazo mitambo ile ilizitii. Mama akacheka sana. Nikamhakikishia kwamba kwetu hakuna wa kuingia na filimbi.

Filimbi ya nini, wakati mlango haukuwa na hata komeo? Simu yenye namba ya ndani 101 niliipa paswedi 101. Ya 102, 102. Ya lindo ilikuwa 109, maliza mwenyewe. Niliona ni ubunifu, hakuna atakayesahau. Paswedi ya mtambo wenyewe niliiacha ile ile uliyokuja nayo, nikaiandika kwa maka peni na kuibandika ukutani mapokezi, maandishi makubwa, maana dada wa mapokezi anavaa miwani. Na ili Mama apige akiwa Dar, nikaifungua poti 5060, ule mlango wa intaneti ambao mitambo ya simu kama wetu hupokelea simu, kwa dunia nzima.

Kumbe Mia hakuwa jini. Wezi wana mashine zinazozunguka kwenye intaneti usiku na mchana zikibisha poti hiyo. Zikiitikiwa, zinaanza kubahatisha: 100, 101, 102. Kwetu mtu akipiga hodi mara tatu bila kujibiwa anageuza. Hao hawageuzi.

Ikafika Nane Nane ya 2022. Agosti 8 iliangukia Jumatatu, na mwaka ule sherehe za kitaifa zilifanyika hapa hapa Mbeya, viwanja vya John Mwakangale. Ofisi tukaifunga tangu Jumamosi mchana, wote tukahamia bandani kugawa vipeperushi na kula ndizi za kuchoma.

Jumanne asubuhi simu zilikuwa zimekatwa. Kampuni ya simu ikampigia Mama kwenye simu yake ya mkononi: unadaiwa shilingi milioni sita na ushee. Alipozipata karatasi za rekodi, akatuita wote, akaanza kusoma taratibu kama anayeita mahudhurio. Latvia. Somalia. Latvia. Cuba. Latvia.

"Latvia ni wapi? Ni mbele ya Makambako?"

"Ni Ulaya, Mama."

"Nani hapa ana ndugu Ulaya?"

Wote tukamgeukia kijana wa stoo, kwa sababu huwa anavaa jezi ya Arsenal. Akaanza kuapa kwa majina ya wazazi wake. Ndipo Mama akaona kwamba simu zote zimetoka 109. Lindoni. Babu akaitwa.

"Shikamoo baba," Mama akasema kwa upole. "Samahani kukusumbua. Una mtu Cuba?"

"Mwanangu, mke wangu yuko Tukuyu hapo, na yeye huwa nambipu."

Hapo ningekaa kimya. Lakini mtaalamu ni mimi, nikasimama. "Mama, rekodi hazidanganyi. Simu hizi zimetoka kwa babu." Tukaenda lindoni kwa msafara. Simu tukaikuta chini ya kitanda, imefungwa ndani ya mfuko wa mbolea, juu yake jiwe, waya umechomolewa.

"Mia nilimfunga tangu siku ile uliyosema nyaya zinasinyaa," babu akaniambia.

Kijana wa stoo akarudi nyuma hatua mbili. Simu isiyo na waya, iko ndani ya mfuko, inaongea na Latvia! Nadhani tungeishia kwa mchungaji kama si dada wa mapokezi, aliyekuwa bado anazipekua zile karatasi.

"Hapa, Jumapili saa nane na dakika kumi usiku, 109 imepiga simu sita kwa mpigo. Babu ana midomo mingapi?"

Nikaanza kusikia joto. Uyole, mwezi wa nane.

Mchana akaja kijana wa kampuni ya simu. Akaeleza kwamba huko nje kuna namba ambazo kuzipigia ni ghali, na wezi wanapewa mgao wa kila dakika inayolipwa. Basi wanatafuta mtambo wa mtu aliyelala, wanaingia kwa paswedi ya simu mojawapo, na mashine yao inazipigia namba zao wenyewe, hasa wikiendi na sikukuu. Simu ya babu hawakuihitaji, walihitaji namba yake na paswedi yake tu.

"Kwa hiyo walikuwa wanaongea nini?" Mama akauliza.

"Hakuna aliyeongea, Mama. Ni mashine kwa mashine."

Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. "Milioni sita, na hata salamu hakuna?"

Kisha akauliza paswedi ya 109 ilikuwa ipi. Nikamtajia. Akanitazama, akaitazama karatasi iliyo ukutani, akanitazama tena. Deni alikubaliwa kulilipa kwa mafungu, na mafungu mengine yana jina langu mpaka leo.

Usiku ule sikulala. Paswedi zote mpya, ndefu kama majina ya vituo vya Tazara. Poti nikaifunga, simu ya Mama nikaipitishia VPN, yaani njia ya faragha ndani ya intaneti, na hakuna namba kupiga simu zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Mama nikampa namba ya ndani iliyokuwa haina mtu, rahisi kukumbuka: 100. Mwisho nikazizuia simu za nje ya nchi. Kwetu nje ya nchi unaanza na sifuri tatu. Mimi, kwa hasira na usingizi, nikaandika sifuri moja.

Simu zilipounganishwa tena, hata ya babu nikairudishia waya, siku mbili zikapita kwa utulivu nikitembea kifua mbele. Watu walipigiana wenyewe kwa wenyewe, na simu za kuingia ziliingia. Siku ya tatu Mama akataka kumpigia mteja wa Njombe. Hairuhusiwi. Akajaribu Iringa. Hairuhusiwi. Akajaribu kunipigia mimi.

Nilikuwa getini natoka kwenda kula. Babu akatokeza mbio mlangoni mwa lindo, mkononi kashika ule mfuko wa mbolea, waya unamfuata nyuma, na ndani yake kitu kinalia.

"Mjukuu wangu, Mia karudi! Safari hii ana sauti, tena ya kike. Na anakuita wewe kwa jina."